Maji ya Mvua Ukambani: Yakingwe Paani, Mtoni au Shambani?

Kaunti za Kitui na Makueni hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kinyume cha sehemu nyingi za Kenya, mvua ya vuli ndiyo mkulima wa Ukambani anayoitegemea. Masika huja kwa kusuasua na mara nyingi hukatika mahindi yakiwa bado yanachanua. Vilima vya Mbooni na Kilungu hupata mvua ya kuridhisha. Lakini kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Kibwezi na Mtito Andei, au upande wa pili kuelekea Ikutha na Mutha, ndivyo kipimo kinavyoshuka, hadi milimita 500 kwa mwaka na hata chini ya hapo. Jua nalo halipumziki. Maji yaliyoachwa wazi yanaweza kupoteza karibu milimita 2,000 kwa mwaka kwa kugeuka mvuke.

Mvua hiyo, ijapokuwa chache, hunyesha kwa kishindo. Sehemu kubwa ya maji ya msimu mzima humwagika katika siku chache za dhoruba. Udongo uliochomwa na jua huwa umefunga uso wake, hivyo maji hayapenyi. Yanakimbia na kuchukua rutuba. Mito ya Tiva, Thua, Kaiti na Thwake hufurika kwa saa kadhaa, kisha hurudi kuwa njia za mchanga ambazo watu, ng'ombe na pikipiki huvuka bila kulowa. Athi na Tana ndiyo mito mikubwa inayotiririka mwaka mzima, nayo hupita mipakani. Visima virefu vya mashine vipo, lakini vingi hutoa maji ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu ndani yake.

Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba maji ya mvua lazima yakingwe. Ubishi uko kwenye mpangilio: shilingi ya kwanza na jasho la kwanza viende wapi? Hoja zinazosikika katika mabaraza ya vijiji, mikutano ya vyama na ofisi za kaunti zinaweza kupangwa katika sauti tatu: fundi wa matangi anayetetea paa, mama mwenyekiti wa kikundi cha kazi za pamoja anayetetea mto, na mzee mkulima anayetetea shamba. Kila mmoja ana ukweli wake, na kila mmoja ana jambo analolifumbia macho.

Fundi anaanza na hesabu, kwa sababu upande wake ndio ulio na hesabu nyepesi kuliko zote. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita za mraba 50, mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka, inapokea lita 30,000. Tuseme sehemu moja kwa tano inapotea kwa kurukia nje ya gata, kukauka juu ya bati moto na kumwagwa ili kusafisha paa. Zinabaki lita 24,000. "Hayo yote yanaanguka juu ya kichwa cha mwenye nyumba," anasema fundi, "na baada ya miezi mitatu huyo huyo anamtuma mtoto na punda kilomita nyingi kutafuta mitungi minne."

Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku, ambacho ndicho kiasi kinachotajwa mara kwa mara kuwa cha chini kabisa kwa kunywa, kupika na usafi, inahitaji lita 120 kila siku. Tangi la lita 10,000 lililojaa mwishoni mwa Mei litakuwa limekauka kabla Agosti haijaisha. Familia hiyo hiyo ikilifunga tangi kwa matumizi ya kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu, maji yatadumu karibu siku 330. Hapo ndipo fundi anapoona nguvu ya paa. Maji ya kunywa yanakuwa mlangoni, hayana chumvi, mwenye nyumba anajua yalikotoka, na msichana anafika shuleni kabla ya kengele.

Mama mwenyekiti hapingi hesabu. Anauliza ni ya nani. "Fundi, umepima paa la mita hamsini. Njoo upime la mjane mwenye chumba kimoja." Nyumba maskini ina paa dogo, na mara nyingi mwenye paa dogo ndiye asiye na fedha za gata, sembuse tangi. Mabati mengine yameoza, mengine yamepishana vibaya, na jiko bado limeezekwa kwa nyasi. Tena kuna mifugo. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hunywa lita 25 au zaidi katika siku ya joto. Ng'ombe watano hunywa zaidi ya familia nzima ya fundi. Hakuna anayemnywesha ng'ombe maji ya tangi akabaki na tangi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya kila mtu haiwezi kutegemea ukubwa wa paa lake. Kwa mwenyekiti, maji ya jamii ni ya mtoni, mahali ambapo maji ya mabonde yote hukutana na ambapo hakuna mwenye ufunguo.

Anachokitetea ni bwawa la mchanga, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako ufundi huu umeenea zaidi. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, ukiwa umesimama juu ya mwamba chini na kuingia kwenye kingo pande zote mbili. Mvua inaponyesha, mafuriko hubeba mchanga na tope. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta. Tope jepesi hupita juu ya ukuta pamoja na maji. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nyuma ya ukuta panakuwa pamejaa mchanga, na ndani ya mchanga huo mna maji. Mchanga mkubwa wa chembe nene unaweza kutoa maji hadi theluthi moja ya ujazo wake. Maji yakishashuka sentimita 60 hivi chini ya uso wa mchanga, jua haliyafikii tena kwa kiasi cha maana. Mbu hawatagi humo, na ng'ombe hawayakanyagi. Kando ya bwawa, maji hupenya kingoni na kuinua kiwango cha visima vifupi, na ndiyo sababu bustani za sukumawiki, nyanya na vitunguu huota pembeni mwa mto ambao kwa macho umekauka.

Ufundi huu si wa jana. Maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walijenga kuta za namna hii katika wilaya za Machakos na Kitui katika miaka ya 1950, na zipo zilizodumu miongo mingi. Mwaka 1978, huko Kola, karibu na mpaka wa sasa wa Machakos na Makueni, Joshua Mukusya na majirani zake waliunda kikundi cha Utooni, ambacho baadaye kilikuwa shirika lililojenga mabwawa mengi ya mchanga pamoja na vikundi vya vijiji. Upande wa Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa tangu katikati ya miaka ya 1990, mengine yakifuatana kwa mlolongo katika mto mmoja, kama katika bonde la Kiindu, ili maji ya bwawa la juu yasaidie la chini. Shirika huleta saruji, nondo na fundi. Kijiji huleta mawe, mchanga, maji ya kukorogea na nguvu kazi. Nguvu kazi hiyo ni mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa zamu na kwa pamoja, ambayo ni ya kale kuliko shirika lolote. Na katika mwethya wa kubeba mawe, wengi ni akina mama.

Hapo fundi anapata nafasi ya kugonga. Si kila ukuta uliojengwa mtoni ni bwawa la mchanga, anasema. Nyingine ni mabwawa ya tope. Utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Josep de Trincheria kuhusu mabwawa ya kusini-mashariki mwa Kenya ulionyesha kwamba mengi yalikuwa yakitoa maji machache kuliko yaliyotarajiwa, kwa kuwa yalijaa udongo laini. Sababu inaeleweka. Ukuta ukijengwa mara moja hadi kimo chake kamili, maji ya mafuriko husimama nyuma yake kama ziwa, na katika maji yaliyotulia hata tope jepesi hutua. Tope hushika maji kama mchanga unavyoshika, ila haliyaachii: katika ujazo ule ule, tope hutoa sehemu ndogo mno, kama asilimia 5. Mwanakijiji anachimba, anaona unyevu, na mtungi haujai.

Fundi anaongeza la pili, nalo ni zito zaidi. Maji ya mchangani huchotwa kwa njia mbili, ama kwenye kisima kifupi chenye pampu ya mkono, ama kwenye shimo linalochimbwa kwa mikono mtoni. Vipimo vilivyofanywa katika mabwawa ya eneo hili vimeonyesha kwamba maji ya mashimo ya wazi huwa na vijidudu vya kinyesi kwa wingi kuliko ya pampu. Punda na mbuzi huja pale pale. Pampu nayo ikiharibika, kijiji chote hurudi shimoni, na kamati iliyokusanya ada ya matengenezo huwa imeshasahau mara ya mwisho ilipokutana.

Mwenyekiti hakatai. Anajibu kwamba dosari ya ujenzi ina dawa yake, na dawa inajulikana: ukuta upandishwe kwa hatua, kiasi kidogo kila baada ya mchanga kufika juu, ili mto uendelee kukimbia na kulisukuma tope mbele. Njia hii inachukua misimu mingi na haimfurahishi mfadhili anayetaka picha ya ukuta uliokamilika kabla mwaka wa fedha haujaisha. Hapo mwenyekiti anasema kweli ambayo ripoti nyingi huikwepa. Makosa ya baadhi ya mabwawa haya yalianzia kwenye kalenda ya fedha, na kijiji ndicho kilichobaki na tope.

Adui mkubwa wa hoja ya mwenyekiti ni lori. Nairobi inajengwa kwa mchanga, na sehemu ya mchanga huo ilitoka katika mito ya Machakos, Makueni na Kitui. Mto uliochotwa mchanga hadi mwambani hauna pa kuhifadhia maji. Kingo huporomoka na visima vya jirani hukauka. Vijana wanaopakia malori hulipwa siku ile ile, na maji yanayopotea huhesabiwa baada ya miezi. Ugomvi wa mchanga umewahi kumwaga damu. Bunge la Makueni lilipitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, ili mchanga uchimbwe kwa kibali na katika sehemu zilizotengwa. Bila sheria ya namna hiyo kutekelezwa usiku kama inavyotekelezwa mchana, kila bwawa la mchanga ni ghala lisilo na mlango. Katika suala hili hakuna pande mbili za kusawazisha. Mwenye kuuza mchanga wa mto wa kijiji anauza maji ya kijiji.

Kuna hifadhi nyingine ambayo fundi na mwenyekiti wote huidai kuwa yao, nayo ni mwamba. Kusini mwa Kitui, hasa pande za Mutomo, vilima vya mawe matupu vimechomoza juu ya nyika. Kuta fupi za mawe na saruji hujengwa kuzunguka sehemu ya mwamba, zikiongoza maji hadi kwenye bwawa dogo au tangi chini yake. Mradi wa Mutomo wa kuhifadhi udongo na maji, uliofadhiliwa na Denmark katika miaka ya 1980, uliendeleza sana kazi hii, na mtaalamu wa Denmark aliyeishi miaka mingi Kibwezi, Erik Nissen-Petersen, aliandika miongozo yake hatua kwa hatua kwa mafundi wa kawaida. Hekta 1 ya mwamba, kwa mvua ya milimita 500, inapokea lita milioni 5. Hata theluthi ikipotea, hakuna paa la shule wala kanisa linalokaribia hapo. Maji hushuka yenyewe kwa mteremko, bila mafuta wala umeme. Makueni pia imeingia humo. Kupitia mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, uliowekewa kanuni mwaka 2015 na kutengewa asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, miradi ya maji imechaguliwa na kamati za wadi, ukiwemo wa kukinga maji ya mwamba wa Masue. Kasoro ya mwamba ni moja tu: uko ulipo. Kijiji kisicho na mwamba hakiwezi kuuagiza.

Mzee mkulima amekuwa kimya muda wote huo, na swali lake linabadilisha kipimo cha mjadala. "Fundi, wanangu, mnagombania maji yaliyokwisha kunikimbia. Kwa nini mliyaacha yatoke shambani?"

Hesabu yake ni hii. Ekari 1 ina mita za mraba zipatazo 4,000. Kwa mvua ile ile ya milimita 600 inapokea lita milioni 2.4, ambazo ni mara mia ya maji ya paa la fundi. Robo yake tu ikikimbia juu ya ardhi ngumu, shamba limepoteza lita 600,000, yaani matangi 60 ya lita 10,000. Na mmea hauhitaji tangi. Unahitaji unyevu kwenye mizizi katika zile wiki mbili au tatu za ukavu zinazotokea katikati ya msimu, wakati ambapo mavuno hupatikana au hupotea.

Hoja ya mzee ina historia yenye makovu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitangaza Ukambani kuwa nchi iliyoharibiwa na mmomonyoko, na wakaamua kuwa kosa ni la mifugo ya Waafrika, bila kutaja kwamba ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kuuzwa. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao. Serikali ilirudi nyuma, lakini Mbingu alihamishiwa Lamu. Matuta nayo yaliletwa kwa amri na faini, na yakachukiwa kwa sababu hiyo. Watu wenyewe ndio walioyageuza kuwa yao baadaye. Walichagua fanya juu, mtaro unaochimbwa kufuata kontua huku udongo ukitupwa upande wa juu, hadi mteremko ukajigeuza ngazi baada ya miaka. Waliyajenga kwa mwethya. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti wao juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Walionyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na badala ya nchi kuwa jangwa kama ilivyotabiriwa, mmomonyoko ulipungua na mavuno ya kila hekta yakapanda. Matuta ni hifadhi ya maji ya mvua kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Kwenye matuta mzee anaongeza mashimo ya zai, ufundi wa Burkina Faso ambao mkulima Yacouba Sawadogo aliuboresha na kuupatia sifa duniani. Shimo huchimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa samadi. Mbegu hupandwa ndani yake, na maji ya eneo linalolizunguka hukusanyika humo. Kwa mahindi ya Katumani, mbegu ya muda mfupi iliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos, shimo la zai linaweza kuwa tofauti kati ya gunia na mabua. Anaongeza pia maji ya barabara. Kila kalvati linamwaga mto mdogo. Likichongewa mtaro wa kuyatawanya maji shambani taratibu, linalisha miembe na michungwa, na likiachwa hivi hivi linachimba korongo. Wahandisi wa barabara katika kaunti zote mbili wameanza kufunzwa jambo hili, ingawa mara nyingi bado mwenye shamba hujua barabara itakapomwaga maji siku ile yanapomwagwa.

Fundi anamshika mzee kwenye silanga, yaani kidimbwi cha shambani. Wakulima wengi wamechimba vidimbwi vya maji shambani, vingine vikiwa vimetandikwa nailoni. Kwa mvuke wa milimita 5 na zaidi kwa siku, kidimbwi kilicho wazi hupungua kina kwa karibu sentimita 80 katika miezi mitano ya kiangazi, kabla hakijavuja wala kumwagilia mche hata mmoja. Kisichotandikwa kwenye udongo wa kichanga hukauka mapema zaidi. Na kidimbwi chenye nailoni ni mtego: kuta zake huteleza, na mtoto akitumbukia hapandi tena. Mzee anakubali, na kukubali kwake kunafaa kuandikwa kama sharti. Kidimbwi kisichozungushiwa ua kisitiwe maji. Kikizungushiwa, kikachimbwa chembamba na chenye kina kirefu badala ya kupanuliwa, na kikawekewa kivuli, kinafaa kwa kazi moja maalumu, ambayo ni kuuvusha mmea kipindi cha ukavu katikati ya msimu, na si kulima mwaka mzima.

Mama mwenyekiti naye ana swali ambalo mzee halipendi: ni nani anayechimba? Kuchimba mashimo ya zai ya ekari 1 ni kazi ya wiki nyingi, wakati jua ni kali na chakula ni kidogo. Nyumba ambayo vijana wake wako Nairobi au Mombasa haina mikono. Ndiyo sababu zai huanza vizuri mahali penye kikundi, na hufifia mahali ambapo kila mtu ameachiwa shamba lake. Hata shambani, basi, maji yanarudi kwa mwethya.

Katika mabishano haya kuna sauti ndogo ambayo huwa haipewi muda wa kutosha, ya mhudumu wa afya ya jamii, na inahusu paa zaidi. Maji ya mvua ni safi yanapoanguka; binadamu na ndege ndio wanaoyachafua. Vumbi, majani na kinyesi cha ndege cha miezi ya kiangazi huoshwa na mvua ya kwanza, kwa hiyo maji ya mwanzo yasiingie tangini. Bomba la wima lenye kizibo chini, lililounganishwa kabla ya mdomo wa tangi, hujaa maji hayo machafu kwanza, kisha yale safi hupita juu. Asiye na bomba anaweza kuvuta gata pembeni kwa dakika kumi za mwanzo. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba ili mbu asitage, na tangi lisipenyeze mwanga ili ukoga usiote. Matawi yaliyoinamia paa yakatwe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini hata hivyo. Mhudumu hana maneno mengi juu ya mto: pampu ifanye kazi, na wanyama wawe na birika lao chini ya bwawa.

Yeye ndiye pia anayekumbusha kwamba maji yana maisha ya pili. Maji ya kusuuzia nguo na ya kuogea, yasiyo na dawa kali, yanamtosha mpapai au mgomba uliopandwa kwenye shimo karibu na bafu, na yanakuza mboga katika bustani ya gunia. Yamwagwe kwenye udongo, si kwenye majani, na yasitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi. Nyumba inayotumia lita 60 kwa siku kwa kufua na kuoga inaweza kurudisha kama nusu yake shambani, na bustani ya gunia moja haidai zaidi ya ndoo.

Sauti ya mwisho hutoka nje ya kijiji. Inasema kwamba haya yote ni ya muda, kwa kuwa bwawa la Thwake linakuja. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mahali ambapo mto Thwake unaingia Athi, kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Limepangwa kushika mita za ujazo zipatazo milioni 688, na likikamilika litakuwa mojawapo ya mabwawa makubwa zaidi nchini. Ahadi hiyo haipaswi kudharauliwa. Miji kama Wote inahitaji bomba, na paa haliwezi kuulisha mji. Lakini Athi hupitia pembezoni mwa Nairobi, na uchafu wa viwanda na maji taka ya jiji hushuka nao, jambo ambalo limezua maswali bungeni kuhusu ubora wa maji yatakayokusanywa. Tena maji ya Thwake yatakuwa bondeni, na watu wengi wako mlimani. Kitui inajua gharama hiyo tayari, kwa kuwa maji yake ya bomba kutoka Masinga lazima yasukumwe kwa umeme hadi mjini, na bili ya umeme haisubiri mvua. Bwawa kubwa lisiwe sababu ya kijiji kusubiri.

Hukumu ya mjadala huu haiko katikati. Mpangilio upo, na unaanza na mzee. Familia isiyo na fedha ina udongo, na udongo ndio unaopokea maji mengi kuliko chombo chochote ambacho familia hiyo itawahi kununua. Matuta na mashimo yatangulie. La pili ni gata na tangi, hata dogo, likiwa limefungwa kwa maji ya kunywa na kupika, na chama cha akina mama kikinunua kwa zamu, nyumba ya mjane iwe ya kwanza kwenye orodha. Bwawa la mchanga ni la tatu kwa mpangilio wa nyumba, lakini ni la kwanza kwa kijiji chenye mifugo, mradi mwamba upo chini, ukuta upandishwe kwa hatua, pampu iwe na mfuko wake, na malori yazuiwe. Fedha za kaunti zielekezwe kwenye mito na miamba, kwa sababu hizo ndizo kazi ambazo mtu mmoja hawezi.

Mvua ya vuli huanza Oktoba. Septemba ndiyo mwezi wa kupanda juu ya paa kufagia, kunyoosha gata lililopinda, kuosha tangi, kuzibua mitaro ya fanya juu na kuitisha mwethya wa mashimo. Kila mwenye nyumba Kitui na Makueni aifanye kazi hiyo sasa, na kila mwakilishi wa wadi aulizwe ni mto gani ameulinda mwaka huu.